Nilivyomwambia baba mkwe "mimi sipo" tukiwa angani: shukrani kwa wahudumu wa ile ndege ya Songwe

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi humu ni wa kupita kimya kimya, nasoma, nacheka comments zenu, nalala. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kuna watu sijawashukuru inavyotakiwa, sina namba zao, na sijui kama bado wako kazi ile.

Yote nitakayosema yalinitokea mimi mwenyewe, siongezi chumvi. Wale wenzangu na mimi wa kusema "chai" kila mkisoma kisa msichokiamini, vikombe vipo, karibuni, ila someni mpaka mwisho ndiyo mmimine.

Twende.

Nimeolewa Igamba, Mbozi. Wakati wa kisa hiki tulikuwa bado tunahesabiwa mkoa wa Mbeya, na uwanja wa ndege wa Songwe ulikuwa mpya kabisa, watu wanatoka mashambani kwenda kuangalia ndege ikitua halafu wanarudi kulima.

Kwa asili mimi ni mtu wa Singida. Riziki ndiyo iliyonileta Tunduma, nauza vitenge, na huko huko mpakani ndiko nilikompata mume wangu, dereva wa lori la masafa. Baba yake ni Mndali wa Ileje, alihamia Igamba akiwa kijana, akafuata ardhi ya kahawa.

Sasa hapa naomba mnielewe vizuri, maana bila hiki uzi wote hauna maana.

Kwao, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani.

Sio kwamba wamegombana. Ni heshima. Humwangalii usoni, humpi mkono, hutaji jina lake, huongei naye moja kwa moja. Ukimwona anakuja njiani unachepuka kwenye mibuni mpaka apite. Ukiwa na ujumbe, unampa mtu wa tatu. Na kubwa kuliko yote, hamli mbele ya mwenzako. Mkwe hajui baba mkwe kala nini, kala saa ngapi, wala kama kala.

Vijana wa siku hizi wengi wameacha. Mzee wetu hajaacha. (Na jina lake sitalitaja humu pia, sababu mmeshaielewa.)

Mwanzoni nilinuna sana. Kwetu Singida baba mkwe unampakulia, unamnawisha mikono, mnapiga stori. Huku nikifika, mzee anatoweka kama vile nimekuja kudai kodi.

Ila mwaka ule ule wa kwanza wa ndoa, mzee alimwita fundi akatoboa mlango wa pili upande wa jikoni. Hakuniambia kitu, angeniambiaje? Mama mkwe ndiye aliyenieleza kwamba ule mlango ni wa kwangu, ili nikija niingie na kutoka kwa amani, nisikae shambani na mvua nikisubiri apite.

Wakuu, mtu kabomoa ukuta wa nyumba yake kwa ajili yangu. Nikaacha kununa.

Tukaenda hivyo miaka. Kindali nilijifunzia nyuma ya ule ukuta, nikimsikiliza anavyobishana na mama mkwe kuhusu ng'ombe. Sauti yake naijua kuliko uso wake.

Mzee ana kisukari, kile cha kuchoma sindano. Dawa nilikuwa nanunua mimi mjini, namkabidhi mama mkwe, mama mkwe anamkabidhi mzee. Kwa hiyo mambo ya dawa zake nayajua vizuri. Ya sahani yake ndiyo siyajui.

Sukari ikaanza kumshambulia macho. Shemeji yangu yuko Dar, akamtafutia daktari wa macho, akapata tarehe, akakata tiketi. Mume wangu ndiye alitakiwa kumpeleka. Lori likakwama upande wa Zambia, foleni haisogei, simu ikawa ni "kesho natoka" kila siku.

Nyumbani hakuna mwingine. Mama mkwe ndege hataki hata kuisikia. Na mimi nilikuwa na safari ya Kariakoo kufuata mzigo.

Kikakaliwa kikao. Wazee wa ukoo wakajadili kama vile wanagawa shamba. Basi likakataliwa haraka sana, na sababu ilikuwa moja: basi ni siku nzima, njiani linasimama kwenye hoteli moja, watu wote wanashuka kula pamoja. Mzee atakula wapi na mkwe yupo?

Ndege ikapita. Saa moja na ushee tu, wakasema, hapo hakuna haja ya mtu kula mbele ya mwenzake. Mzee akae mbele kabisa, mkwe akae nyuma kabisa. Kila mtu aliona tumelipatia.

Kumbukeni hapo, kwamba ndege tuliichagua kwa sababu ya chakula.

Asubuhi ya safari ilikuja Noah ya kukodi. Mzee kiti cha mbele, mimi kule nyuma na mabegi, kanga kichwani. Mama mkwe akampa kikapu cha magimbi ya kuchemsha na ndizi, amefunga kwa kitambaa. Sindano ya asubuhi mzee alishachoma ndani, nilimsikia mama mkwe akimuuliza, naye akajibu kwamba amemaliza, chakula atakula uwanjani maana dereva anapiga honi.

Tukafika Songwe. Ukungu.

Watu wa huku mnaujua ule ukungu. Ndege kutoka Dar ikashindwa kuondoka kuja, tukaambiwa tusubiri. Dereva wa Noah akaaga, akaondoka zake. Na hapo ndipo yule mtu wa tatu wa kupeleka maneno alipoondoka, bila mimi wala mzee kufikiria.

Ukumbi wa kusubiria ulikuwa mmoja. Mzee upande huu, kikapu mapajani. Mimi upande ule, uso dirishani. Kila nikigeuka kidogo naona kikapu bado kimefungwa.

Nikajiongeza. Nikasema hapa mimi ndiye kikwazo, ngoja nimpishe. Nikaingia msalani, nikakaa. Nikakaa haswa. Mpaka dada wa usafi akagonga akaniuliza kama tumbo linaniuma. Nikamwambia hapana, namsubiri baba mkwe ale. Alinitazama kwa huruma sana yule dada.

Niliporudi, kikapu kilikuwa kimefungwa vile vile, kimewekwa sakafuni. Nikajua kimefungwa kwa sababu amemaliza. Moyo ukatulia.

Kumbe na mzee kule alikuwa na hesabu zake. Hili alikuja kumwambia mama mkwe baadaye: alijua nimetoka kidogo tu na naweza kutokea muda wowote, nimkute anatafuna. Akaona avumilie, atakula ndani ya ndege.

Kwa hiyo mimi nimejificha chooni ili yeye ale, na yeye hali kwa sababu hajui nitatoka saa ngapi. Tunaheshimiana mpaka tunauana.

Ukungu ukapanda, ndege ikaja, tukaingia. Ilikuwa ile ndogo ya mapangaboi, viti viwili viwili. Mzee mbele, mimi nyuma kabisa kama kikao kilivyoagiza. Kikapu chake mhudumu mmoja wa kiume alikiweka kwenye kabati la juu.

Wahudumu walikuwa wawili. Huyo kaka, na dada mmoja mtu mzima kidogo, ndiye mkubwa wao. Kwenye kibao kifuani kimeandikwa Zuhura. Nilimwangalia nikamwona ni mtu wa tabasamu la kazini tu, nikamdharau kidogo kimoyomoyo. Mungu anisamehe.

Tukapaa. Wakagawa vitafunwa na juisi. Kwa nyuma naona mkono wa mzee unapokea kile kiboksi, halafu naona unakiingiza kwenye mfuko wa koti. Juisi akaikataa kwa ishara.

Nilidhani ameshiba magimbi.

Haukupita muda nikaona kofia ya mzee inaanguka, haiokoti. Halafu akafungua mkanda akasimama. Anayumba. Akaanza kusema kwa sauti, nusu Kiswahili nusu Kindali, kwamba gari lisimame, yeye anashuka hapo hapo.

"Simamisha! Nashukia hapa! Nimepita kwangu!"

Watu wakacheka kwanza. Halafu akaelekea kule mbele kwenye mlango, akashika ukuta, na kicheko kikakatika.

Mfanyabiashara mmoja aliyekaa karibu yake akasema kwa sauti, "Huyu mzee kalewa. Wamemruhusuje kupanda?" Mama mmoja akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Mtoto akalia.

Mimi nimeganda. Wakuu, kila kitu mwilini kinaniambia simama, na kila nilichofundishwa ukweni kinaniambia kaa.

Hapa ndipo naomba niwasimulie alichofanya Zuhura, maana ndicho kilichonileta humu.

Hakupiga kelele. Hakumvuta. Alimshika mzee kiwiko kwa mikono miwili kama unavyomsaidia baba yako kuvuka kijito, akamwambia, "Sawa baba, tunakushusha. Dereva kanisikia. Kaa kwanza hapa nikuletee mzigo wako." Mzee akakaa. Aliyekuwa amekaa pembeni yake alishahama kiti bila kuambiwa.

Alipokaa tu, akalegea. Shati limelowa jasho kama kamwagiwa ndoo, midomo inatetemeka, maneno hayaeleweki tena.

Yule kaka akaleta oksijeni. Zuhura akanyanyua simu ya ukutani akaongea na rubani kifupi, halafu akatangaza: kama kuna daktari au nesi ndani ya ndege, tafadhali ajitokeze.

Bwana mmoja wa Vwawa akanyoosha mkono, akasema, "Mimi ni daktari, lakini wa mifugo."

Hakuna aliyecheka. Zuhura akamwambia, "Karibu daktari, nisaidie kuhesabu mapigo." Yule bwana mifugo akaja akashika mkono wa mzee kwa adabu zote. Nikasema huyu dada ana akili, hakuna mtu anayemtupa.

Akatangaza tena. Safari hii akauliza kama kuna mtu yeyote anayesafiri na huyu mzee, abonyeze kitufe cha juu ya kichwa chake.

Mkono wangu ulikuwa mzito. Nawaambia ukweli, niliogopa. Mimi ni mgeni kule, mtu wa kuja. Mzee akifa na mimi nimemsogelea, watasema yule Mnyiramba wa Singida ndiye aliyevunja mwiko akamuua. Akifa na mimi nimekaa nyuma naangalia, nitasema mwenyewe.

Nikabonyeza.

Zuhura akaja mbio za kimya zile. Nikamwambia, "Ni baba mkwe wangu. Ila siruhusiwi kumkaribia. Kwetu ni mwiko."

Nilisubiri anishangae. Anisonye. Aniambie mambo ya kishenzi hayo tuko kwenye dharura.

Akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akasema, "Nimekuelewa. Basi wewe kaa hapa hapa, mimi nitakuwa mguu wako. Anaumwa nini?"

Jamani. Mpaka leo nikikumbuka ile "nitakuwa mguu wako" machozi yananilenga.

Nikamwambia ana sukari.

"Anachoma sindano au anameza?"

Anachoma. Asubuhi kachoma.

"Amekula saa ngapi?"

Swali rahisi kabisa, wakuu. Mtu yeyote anayesafiri na mgonjwa angelijibu. Na mimi, niliyemnunulia dawa miaka yote, nilikuwa mtu pekee duniani nisiyeruhusiwa kujua jibu lake.

Nikasema, "Sijui. Hawezi kula mbele yangu." Na nilipojisikia nikitamka hivyo, ndipo akili ikafunguka. Kikapu kimefungwa. Kiboksi mfukoni. Juisi kaikataa.

Nikamwambia, "Dada, angalia kikapu chake. Na mfuko wa koti."

Akamfanyia ishara mwenzake. Kaka akashusha kikapu, akafungua kitambaa. Magimbi yote, ndizi zote. Mfukoni kiboksi hakijaguswa.

Zuhura alirudi mbele nikamwona amebadilika kabisa. Sasa anajua anapambana na nini. Nilikuja kujifunza baadaye kwamba mtu akichoma sindano ya sukari halafu asile, sukari inashuka mpaka ubongo unakosa chakula, anachanganyikiwa na kufanana na mlevi. Akiachwa, anapoteza fahamu, na anaweza asirudi.

Akachanganya juisi na sukari. Kwanza akampa kijiko cha maji aone kama anameza. Akameza. Kisha akamsogezea kikombe.

Mzee akafunga mdomo.

Akamsogezea tena, mzee akausukuma mkono. Kaka akajaribu, akasukumwa. Bwana mifugo akajaribu na sauti ya kubembeleza ambayo nadhani anaitumia kwa ndama, wapi. Mzee ananong'ona maneno, anatikisa kichwa.

Wenyewe hawaelewi anachosema. Ni Kindali.

Mimi kule nyuma nikasikia, kwa sababu ndege nzima ilikuwa kimya na sauti ile naijua. Alikuwa anasema, "Mkwe yupo. Mkwe yupo nyuma. Siwezi."

Wakuu, mtu amesahau yuko wapi. Amesahau kwamba yuko hewani, anataka kushushwa kwake. Pengine hata jina lake alikuwa amelisahau. Lakini heshima yangu hajaisahau.

Nikaanza kulia. Zuhura akarudi kwangu, na safari hii kwa mara ya kwanza nikaona naye ana wasiwasi. Akaniambia pole pole, "Dada, anasinzia. Akilala siwezi tena kumnywesha. Anasema nini?"

Nikamwambia. Anasema mimi nipo, hawezi kula.

Alifikiri kidogo sana, kisha akauliza, "Akiwa hakuoni, inatosha?"

Nikasema inatosha. Nyumbani ni ukuta tu ndio unaotutenganisha.

"Basi tutajenga ukuta. Una kanga?"

Nina zaidi ya kanga! Mimi ninauza vitenge, dada yangu! Nikafungua begi la mkononi, nikatoa kitenge kipya cha Kongo, cha bluu na njano, hakijakatwa bado, kile kirefu. Zuhura akakichukua, akakitandaza kukata njia, upana wote wa ndege. Akawaambia abiria, "Naombeni mikono yenu, tumpe mzee faragha."

Na watu wakasimama. Yule mama aliyekuwa akikemea akashika ncha moja. Ncha nyingine, mnajua nani? Yule yule mfanyabiashara wa "mzee kalewa". Kakishika kwa mikono miwili juu ya kichwa kama anapandisha bendera.

Ukuta ukasimama katikati ya ndege.

Lakini mzee bado amefunga mdomo. Kwa sababu haoni vizuri, macho ndiyo yale tuliyokuwa tunayapeleka kutibiwa. Hajui kama kuna ukuta. Zuhura anamwambia kwa Kiswahili, "Mkwe wako hayupo baba," na Kiswahili kilishamtoka kichwani.

Zuhura akainua uso juu ya kitenge akanitazama. Nikaelewa kwamba ndani ya ile ndege nzima kulikuwa na mtu mmoja tu anayejua Kindali.

Nikatembea. Nikafika mpaka kitenge kikanigusa pua. Upande wa pili nasikia anavyohema.

Na kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikamsemesha baba mkwe wangu. Kwa Kindali chake nilichoiba nyuma ya ukuta.

Nikamwambia, "Baba, kunywa. Mimi sipo hapa."

Nikarudia. "Mimi sipo, baba. Nimebaki Igamba. Kunywa."

Halafu nikasikia mlio wa mtu anameza.

Akameza tena. Zuhura anasema taratibu, "Hivyo hivyo baba, kidogo kidogo." Yule mfanyabiashara akaanza kulia, mwanaume mzima, mikono juu, hawezi hata kujifuta. Sikumcheka.

Wakamnywesha kikombe, wakasubiri, wakamwongeza. Rubani akatangaza kwa sauti ya upole kwamba tuna mgonjwa, anaendelea kupata nafuu, tumepewa nafasi ya kutangulia kutua Dar, na gari la wagonjwa linasubiri. Nilikuja kuambiwa kwamba muda wote ule walikuwa wanawasiliana, Zuhura anampa hali ya mgonjwa, yeye anapima kama ageuze au aendelee. Songwe kulikuwa kunafunga tena kwa ukungu. Akaamua kwenda mbele. Sura yake sijaiona mpaka leo.

Baadaye kidogo nikasikia karatasi inachanwa. Kile kiboksi. Halafu harufu ya magimbi ikajaa ndege nzima, na nikasikia sauti ya mzee kwa Kiswahili safi ikiuliza, "Kwani tumefika wapi?"

Ndege ilipiga makofi, wakuu. Angani huko.

Watu walikishika kile kitenge kwa zamu mpaka tulipoambiwa tufunge mikanda. Mtu akichoka mkono, mwingine anapokea. Hakuna aliyesema jambo hili ni la ajabu.

Tulipotua, nesi wa uwanjani akampima, akasema sukari inapanda vizuri, mngechelewa kidogo ingekuwa habari nyingine. Mzee akawekwa kwenye kiti cha magurudumu. Mimi nimesimama mbali, nimegeuka upande, kama kawaida yetu.

Nikamsikia akimwita Zuhura. Akamwambia, "Mwanangu, pale nyuma kuna mkwe wangu. Mwambie nimekula."

Zuhura akatembea zile hatua chache hadi kwangu, akasimama wima kama anatoa taarifa kwa mkubwa, akasema, "Baba anasema amekula."

Nikamwambia, "Mwambie ahsante."

Akarudi akamwambia. Kwa umakini ule ule. Hakutabasamu lile tabasamu la kazini, alikuwa anafuta macho.

Nilitaka kumwachia kile kitenge. Akakataa, akasema sheria za kazi. Nikamkumbatia kwa nguvu mpaka kofia yake ikadondoka, yule kaka akaiokota. Ndiyo mara ya mwisho kuwaona. Nimepanda ndege ile njia mara kadhaa tangu hapo, kila nikiingia natazama vibao vya vifuani.

Macho yalitibiwa, anaona mpaka ng'ombe wa jirani wanaoingia shambani kwake.

Sasa nyumbani ilibidi kisa kifike kwa wazee, maana nilikuwa nimemsemesha. Kikakaliwa tena kikao. Mimi niko jikoni, upande wangu, nasikiliza. Mzee mmoja wa ukoo akauliza, je, mwiko umevunjwa, kuna kitu cha kulipa?

Baba mkwe akajibu kwa sauti ambayo najua kabisa aliipandisha ili ipite ukutani.

Alisema, "Mimi sikumwona mtu. Nilisikia sauti tu ya mtu aliyesema hayupo. Sasa mtamtoza faini nani?"

Kikao kikaishia kwenye kicheko.

Na tangu siku hiyo, nikienda Igamba, nikishapita kwenye mlango wangu tu, nasikia mzee upande wa pili anakohoa kidogo halafu anatangaza: "Nimekula!" Na mimi huku jikoni najibu: "Mimi sipo!" Watoto wanafikiri ni salamu ya Kindali. Mwanangu Neema siku moja alimsalimia mwalimu wake hivyo shuleni.

Kwa hiyo wakuu, nilichojifunza mimi.

Kwanza, kama una mgonjwa wa sukari anayechoma sindano, asiondoke hajala, na awe na kitu kitamu mfukoni. Sisi sasa kabla ya safari yoyote mama mkwe anasimamia sahani mpaka iishe, honi ipigwe isipigwe.

Pili, wale wahudumu tunaowaona wanagawa juisi tukadhani kazi yao ni hiyo, mimi siwezi tena kuwaangalia hivyo. Wangeweza kunisukuma pembeni na mila zangu wakamlazimisha mzee kwa nguvu. Pengine angepona. Lakini angeshuka pale akiwa amevuliwa utu wake mbele ya mkwe na mbele ya watu. Walimrudisha akiwa hai na akiwa yeye yule yule. Nawashukuru sana.

Kile kitenge sijakiuza, wala sitakiuza. Kipo Igamba, kimetundikwa kwenye ule mlango.

Nawakaribisha wenye visa vya angani au vya ukweni muweke hapa chini. Wataalamu wa afya nirekebisheni nilipokosea. Wandali na majirani zenu, kama nimeeleza mila vibaya, nisameheni, mimi ni wa kuja.

Na kama wewe ni Zuhura, au yule kaka, au rubani, au bwana mifugo wa Vwawa, au ulikuwa abiria tu ukashika ncha ya kile kitenge, tafadhali jitokeze hapa nikushukuru kwa jina.

Mzee anawasalimia. Amekula.